Chumvi Haijui Kama Umesamehewa

Kabla hujautia mchanga koleo, utie ulimi. Najua mtacheka. Siku hizi mchanga unaletwa na lori, dereva anaumwaga, nanyi mnaanza kuchanganya. Sisi tulikuwa tunauonja. Chukua chembe chache, ziweke kwenye ncha ya ulimi, funga mdomo, subiri. Mchanga wa mtoni hauna ladha, ila udongo kidogo. Mchanga wa pwani unauma. Ukikuuma, hata kama mwenye nyumba anakuhimiza na mawingu yamekwishatanda, usiujengee mpaka uuoshe kwa maji matamu, na ukishauosha uuonje tena.

Mmeniomba niwaandikie machache juu ya kazi ya uashi tulivyoifanya Temeke wakati wa Mwingereza, saruji ilipokuwa bado adimu. Mjukuu wangu aliyeniletea ujumbe wenu alisema, "Babu, waandikie ufundi tu. Mahubiri tunayo ya kutosha." Nimemwelewa. Shida ni kwamba mimi ufundi na mahubiri nilichanganyiwa kwenye karai moja, na mpaka leo sijui kuvitenganisha. Mtanivumilia.

Aliyenichanganyia ni Fundi Zakaria. Alikuwa Msambaa wa milimani, mrefu, mwembamba, mgane asiye na mtoto. Alishuka Dar es Salaam kujenga nyumba za serikali, na nyumba zilipokwisha hakurudi kwao. Alivaa kofia nyeusi ya pama hata jua la saa saba, na akiwa juu ya jukwaa aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya nne, hata kama sauti nyingine tatu hazipo. Mimi nilitoka Upare nikiwa kijana mwenye nguvu na majivuno. Akanipokea kwa sababu, alisema, Wapare wanajua kutunza vitu, na yeye alikuwa anapoteza miko ya kujengea kila wiki.

Ukuta wangu wa kwanza ulitoa tumbo. Nilikuwa nimeupandisha mbio nikitaka sifa, timazi nimeiacha imening'inia kwenye mti. Fundi Zakaria akaja, akauzunguka taratibu, akavua pama yake.

"Shikamoo, mama," akauambia ukuta. "Unajifungua lini?"

Mafundi wote wakaacha kazi kucheka. Kisha akaweka mguu pale kwenye tumbo, akausukuma, ukalala chini wote. Hakunigombeza. Aliniletea timazi kutoka mtini, akaiweka mkononi mwangu, akaenda kunywa maji. Tangu siku hiyo sijajenga bila timazi.

Alinifundisha mengi. Chokaa ya matumbawe usiiamini ikitoka tanurini leo. Izime kwenye shimo, ichuje, ifunike, uiache ilale mpaka uisahau. Usichungulie shimo inapochemka, maana ikikurukia usoni hutachungulia tena kitu. Mikono ipake mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Lipu piga kwa kutupa, usipake kama siagi. Na mchanga uonje. Hilo la kuonja alilisema zaidi ya yote, kwa sababu yeye mwenyewe wa milimani alikuwa hajui mchanga wa chumvi mpaka alipofika huku, na nyumba yake ya kwanza Dar es Salaam ilimwaibisha. Kwao mchanga ni mchanga. Alijifunza kwa ulimi wake, akanipa mimi elimu hiyo bure.

Basi sikilizeni habari ya ukuta wa kanisa.

Kanisa letu la kwanza lilikuwa banda la makuti. Tulipokuwa wengi tukaamua kujenga la mawe, kila mtu kwa jasho lake. Mawe ya matumbawe yalipatikana, chokaa ilipatikana Kawe, ambako walichoma matanuri. Mchanga ndio uliotutesa. Ule mzuri wa mto Msimbazi ulikuwa mbali, kule bondeni upande wa Vingunguti, na mvua za vuli ziliharibu njia hata mkokoteni ulizama mpaka ekseli. Mchanga wa pwani ulikuwa hapo karibu tu, kwenye mtaa wa Mtoni unaopakana na bahari. Wazee wa kanisa wakakubali tuutumie, kwa sharti moja la Fundi Zakaria mwenyewe: uoshwe mpaka usiume.

Maji ya kuosha yalibebwa na kina mama. Bomba la serikali lilikuwa mbali, na foleni yake mnaijua. Aliyewaongoza ni Mama Eliasi, mke wa karani wa reli, mwanamke wa Kilimanjaro, mfupi, mwenye maneno machache na vidole vya ajabu. Hakuwa na cherehani, ila majoho yote ya kwaya aliyashona kwa mkono, na ukitazama mishono yake ungeapa ni ya mashine. Alfajiri wanashika foleni, wanabeba madebe kichwani, wanajaza mapipa yetu, kisha wanarudi kwenda kupikia watoto. Walifanya hivyo msimu mzima, na mmoja wao alikuwa mjamzito wala hakukubali kuachwa nyuma.

Fundi Zakaria alikuwa na udhaifu mmoja, na Temeke nzima iliujua. Alipenda pombe. Si kila siku. Angeweza kukaa miezi mitatu msafi kama sahani, kisha siku moja unamwona kaegemea ukuta kuliko kawaida. Nyuma ya kiwanja chetu palikuwa na mama aliyepika pombe ya mahindi, na mpika pombe, kama mjuavyo, anataka maji mengi.

Tulipokuwa tunamalizia sehemu ya juu ya ukuta unaopigwa na upepo wa kusi, kabla ya kuupiga lipu, chokaa ikaisha. Nikatumwa Kawe kungoja tanuri lifunguliwe. Nilikaa huko wiki kadhaa, nikala pweza mpaka nikamchoka. Niliporudi na chokaa ya mwisho nikakuta ukuta ule umekwisha kupandishwa na kupigwa lipu upande wa ndani kwa chokaa niliyoitanguliza kwa lori, umenyooka, unang'aa. Nilimsifu. Akanijibu bila kunitazama, "Kazi imekwisha, Mpare. Osha vyombo."

Kina mama walikuja kuuona. Mama Eliasi akaupapasa kwa kiganja, akauliza, "Mchanga ulitakata, fundi?"

"Ulitakata, mama yangu. Mmebeba maji ya kutosha."

Wakapiga vigelegele.

Tuliingia kanisani Krismasi. Masika yakaja, yakaulowesha ukuta ule wiki nyingi, kisha yakaisha na jua likaanza kuukausha. Hapo ndipo chumvi inapofanya kazi, vijana. Mvua inapounywesha ukuta, chumvi inayeyuka na kutulia. Ukuta unapokauka, chumvi inarudi kuwa mawe madogo nyuma ya lipu, inasukuma, inasukuma, na wewe uliyekaa kwenye benchi huoni kitu.

Jumapili moja Mchungaji alikuwa kwenye matangazo. Mama Eliasi alikaa mahali pake, benchi la kina mama lililo karibu na ukuta. Waliokaa naye walisema baadaye kwamba vumbi jeupe lilianza kuangukia kitabu chake cha nyimbo. Akalipuliza. Likaanguka tena. Akainua uso kutazama linatoka wapi, na wakati huohuo kipande kikubwa kama sinia kikang'oka juu.

Sitawasimulia sana. Kilimwangukia usoni. Tulimpeleka hospitali mjini kwa gari la mfanyabiashara mmoja Mwarabu aliyekuwa anapita, Mungu amlipe. Madaktari walihangaika naye. Jicho la kulia halikuona tena.

Siku ile watu walipotoka, nilibaki nafagia. Niliokota kipande cha lipu, na kwa mazoea tu, bila kufikiri, nikakigusa kwa ulimi. Kikaniuma. Nilipoinua macho nikamwona Fundi Zakaria amesimama mlangoni, pama mkononi, ananitazama. Akageuka akaenda zake.

Jioni ya siku ya pili wazee wa kanisa walikutana. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Nikodemu, mtu mwadilifu, karani wa miaka mingi, aliyependa kila jambo liwe na sababu na kila sababu iwe na mtu. Alikipondaponda kipande cha lipu kwa vidole, akasema chokaa haikuiva.

"Nani aliileta chokaa?"

Macho yote yakanigeukia. Niliwaambia ilikuwa chokaa njema. Wakanijibu kwa upole, na upole wao ulikuwa mbaya kuliko matusi, kwamba mimi bado kijana, na labda wachoma chokaa wa Kawe walinilaghai nikiwa nakula pweza. Nilimtazama Fundi Zakaria. Alikuwa anatazama miguu yake.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Niliitwa "yule wa chokaa". Baba Eliasi, niliyezoea kumwamkia kila asubuhi akienda reli, alipita nikasema shikamoo, akapita. Nilijua kwamba nikiondoka kwenye kazi ya kanisa kwa jina hilo, hakuna mtu Temeke wala Kinondoni atakayenipa hata choo nijenge. Mtauliza kwa nini sikusema. Hata mimi nilijiuliza. Nadhani ni kwamba sikujua namna ya kumshitaki mtu kwa ulimi aliounoa yeye mwenyewe. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa nimekasirika, vyote viwili, mpaka nikashindwa kula.

Jumapili iliyofuata, kabla ya wimbo wa kwanza, Fundi Zakaria alisimama.

"Mchungaji, nina neno."

"Fundi, haliwezi kungoja mwisho wa ibada?"

"Limengoja mno."

Akatembea mpaka mbele. Pama alikuwa ameikunja mkononi mpaka imeharibika.

"Chokaa ya Kawe ilikuwa nzuri," alisema. "Huyu Mpare hana kosa, na mimi nimemwacha abebe jina langu wiki nzima. Mchanga haukuoshwa. Maji mliyobeba, mama zangu, niliyatoa kwa mpika pombe. Nikanywa. Niliposhtuka siku zimekwisha na ukuta bado, nikachukua mchanga jinsi ulivyo, nikamwaga debe moja juu ya lundo ili lionekane limelowa, nikachanganya. Mkaniuliza, nikasema umetakata."

Mama Eliasi alikuwepo, nusu ya uso imefungwa bendeji. Aliuliza polepole, kama anayeuliza njia, "Hata yale niliyobeba mimi?"

"Hata yale ya kwako, mama."

Akainamisha kichwa. Baba Eliasi alitoka nje, na hakuna aliyemfuata. Mimi nililia mbele za watu, mwanamume mzima, na sikujali.

Mnajua desturi yetu. Fundi Zakaria alitengwa. Alikaa benchi la nyuma, Chakula cha Bwana kikampita. Hakukosa ibada hata moja, na pombe aliiacha kabisa, ingawa yule mama alimwita kwa jina kila alipopita. Wakati ulipotimia alisimamishwa mbele, Mchungaji akamtangazia kuwa ameondolewa dhambi, akauliza usharika kama unampokea. Tukajibu tunampokea. Mama Eliasi alitoka kwenye benchi lake, akamwendea, akampa mkono. Baba Eliasi alichelewa kidogo, lakini naye alikuja.

Tuliibandua lipu yote ya ukuta ule mpaka tukaona mawe. Safari hii Fundi Zakaria alikwenda Msimbazi mwenyewe, akausukuma mkokoteni kutoka bondeni Vingunguti mpaka Temeke, mimi nikimsaidia kwenye miinuko. Tuliuonja mchanga ule kama watu wanaoonja mchuzi wa harusi. Tukapiga lipu upya, nzuri kuliko ya kwanza. Fundi aliimba sauti ya nne siku nzima, na nilidhani habari imekwisha.

Masika yakaja tena, yakaisha. Siku moja nilikwenda kufungua madirisha, nikaona ukutani kitu cheupe kama ukungu wa mkate. Nikakigusa kwa kidole, nikaonja. Ndugu zangu, nilikaa chini.

Lipu tuliibadilisha, lakini udongo wa chokaa uliokuwa katikati ya mawe ulikuwa wa mchanga uleule wa siku zile za pombe, maana sehemu ya juu ya ukuta aliijenga nao pia. Kuutoa huo ni kulibomoa kanisa, paa na vyote, na usharika haukuwa na nguvu hiyo. Chumvi ilikuwa imekwisha kuwa mwenyeji.

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Nikodemu, kwa vile hakupenda kunong'ona, alisema waziwazi baada ya ibada, "Mchungaji, nisaidie. Tunafundishwa kwamba dhambi ikisamehewa inafutwa. Hii mbona haifutiki? Au toba haikuwa toba?"

Fundi Zakaria alikuwa amesimama palepale. Niliona uso wake ukibadilika. Ni kama neno lile alikuwa amejiuliza mwenyewe tangu asubuhi.

Mchungaji wetu hakuwa msemaji wa haraka. Aliukaribia ukuta, akaufuta kidogo kwa kiganja, akajitazama mkono.

"Mzee Nikodemu, kilichofutwa ni hatia," alisema. "Fundi hana deni mbele ya Mungu. Yule mfalme aliyechukua mke wa jirani yake alisamehewa siku ileile alipotubu, na bado akamzika mtoto. Hii si hasira ya Mungu. Ni chumvi. Mtu alitia chumvi ukutani, basi ukuta una chumvi. Chumvi haijui kama umesamehewa."

"Itakaa mpaka lini?"

"Muulizeni fundi. Mimi kazi yangu ni ile nyingine."

Wengi waliridhika. Fundi Zakaria hakuridhika. Kesho yake nilimkuta chumbani anafunga sanduku. Miko imefungwa kwenye gunia, timazi imezungushiwa uzi wake, pama mpya juu.

"Nakwenda Korogwe na lori la mchana," aliniambia. "Nipande kwetu."

"Fundi, umesamehewa. Tumesikia wote."

"Nimesikia. Lakini kila mwaka mvua zikiisha, ukuta ule utatoa ushahidi. Watoto watakaozaliwa watauliza ule weupe ni nini, wataambiwa Zakaria. Na yule mama nitamtazama usoni Jumapili hadi Jumapili? Milimani hakuna anayejua."

"Na mimi?"

"Wewe umeshaiva, Mpare. Ukuta wako hauna mimba tena."

Nilijaribu kila neno nililokuwa nalo. Nilimwambia bila yeye nitakosea, nikamwambia kanisa halijakwisha, nikamwambia hata habari za baridi ya milimani na kifua chake. Mwishowe nikaona bora nilibebe sanduku, maana alikuwa amekwisha kuliinua mwenyewe. Njiani akasema hawezi kuondoka bila kumuaga Mama Eliasi. Tukapindia kwake, akabisha hodi.

Mama Eliasi alikuwa barazani, joho la kwaya mapajani. Alikuwa anajaribu kutia uzi sindanoni. Nyie wenye macho mawili hamwezi kujua. Mwenye jicho moja haoni tundu liko mbali kiasi gani. Uzi ulipita kushoto, ukapita kulia. Alituona, akatukaribisha, akaendelea kujaribu.

"Shikamoo, mama," nikasema mimi.

"Marahaba. Sanduku la nani hilo?"

"La kwangu," Fundi akajibu. "Nimekuja kuaga. Narudi kwetu."

Alitua sindano. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ukuta, mama. Na kwa sababu ya hilo jicho."

Sikumwona Mama Eliasi amekasirika siku ile Fundi alipotubu, lakini sasa aliwaka, kwa namna yake ya maneno machache.

"Nilikupa mkono mbele ya kanisa," alisema. "Nilikusamehe, na nimekusamehe. Sikusema jicho limerudi. Sasa wewe unataka uchukue msamaha uende nao milimani, jicho uniachie mie peke yangu?"

Fundi Zakaria aligeuka kulitazama sanduku.

"Kaa," akamwambia, akamnyooshea sindano na uzi. "Tia uzi."

Akakaa kwenye kigoda. Vidole vyake vilikuwa vya mwashi, vimepasuka kwa chokaa, lakini alikuwa na macho mazuri. Akaulamba uzi, akautia. Mama Eliasi akampa sindano nyingine. Akatia. Akampa kitakia chenye sindano zote za nyumba, akasema, "Hizo zitanitosha wiki hii. Jumamosi uje."

Lori la Korogwe liliondoka bila yeye. Nililirudisha sanduku chumbani kwake mwenyewe, nikiimba sauti ya kwanza.

Akawa anakwenda kila Jumamosi, asubuhi, kabla ya kazi. Anatia uzi sindano zote, nyeupe na nyeusi, anazichomeka kwenye kitakia, anakunywa chai, anaondoka. Na niwaambie jambo ambalo ilinichukua muda kulitambua. Mama Eliasi alikuwa na mabinti wenye macho makali, wanaoweza kutia uzi huku wakisutana. Hakukosa mtu wa kumtilia.

Ukuta nao Fundi aliushika. Kila masika yalipokwisha alichukua brashi ngumu, akaanza kona ya juu, akaipangusa chumvi yote, akaizoa kwenye karai na kuitupa mbali. Hapa mnisikilize vizuri, maana ni ufundi. Chumvi ya ukutani huipangusi kwa maji. Ukiiosha, maji yanairudisha ndani. Ipanguse ikiwa kavu. Wala usiifungie kwa rangi ya mafuta au saruji. Baadaye saruji ilipopatikana, mafundi vijana walitaka kuupiga ukuta ule saruji tupu uonekane safi. Fundi Zakaria akakataa. "Ukiifungia hapa itatokea pale," aliwaambia, "na itatoka na kipande." Wakambishia, wakajaribu kwenye pembe moja. Mwaka uliofuata pembe ile ikabwaga saruji yote chini, kwa bahati hapakuwa na mtu.

Na chumvi ilipungua. Naomba hilo mlikumbuke, maana wahubiri huliruka. Mwaka kwa mwaka karai halikujaa kama mwaka uliotangulia, mpaka ikawa anazoa kwa viganja. Haikuisha. Ilipungua. Watoto kweli waliuliza ule weupe ni nini, kama alivyoogopa, na aliyewajibu mara nyingi ni yeye mwenyewe, akiwa na brashi mkononi. Aliwaonjesha. Nusu ya waashi wa Temeke wa rika lililotufuata walijifunza ladha ya chumvi kwenye ukuta ule. Mzee Nikodemu alikuwa akimshikia ngazi.

Miaka ikaenda. Macho ya Fundi yakaanza kuzeeka. Jumamosi moja nilipita nikawakuta barazani, yeye ameinua sindano juani, analamba uzi, anakosa, analamba tena.

"Fundi," Mama Eliasi akamwambia, "unatia uzi au unavua samaki?"

"Tundu limesogea, mama."

"Lete huku. Nitashika sindano, wewe shika uzi."

Basi wakawa wanasaidiana, mwenye jicho moja na mwenye mawili mabovu, wakigongana vidole na kutaniana mpaka chai ikapoa. Mabinti walikuwa ndani, hakuna aliyejaribu kutoka kusaidia. Nilisimama njiani nikawatazama, nikasikia furaha ambayo sijui niiite nini.

Fundi Zakaria alifariki wakati wa kipupwe, bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu. Alikuwa ametoka kuupangusa ukuta, kikohozi kikamshika, hakikumwacha. Jumamosi yake ya mwisho alikwenda kama kawaida, taratibu, akishikilia kuta za watu njiani. Siku chache baadaye akatutoka.

Hakuwa na mke wala mtoto wa kumshonea, kwa hiyo kina mama wa kanisa walikusanyika kwa Mama Eliasi na jora la bafta kushona sanda. Mimi nilikuwa nimekuja kuuliza kipimo cha jeneza. Kitambaa kilipokwisha kukatwa, binti mmoja wa nyumba ile, mke wa mtu sasa, akachukua sindano na uzi.

"Mama, ngoja nikutilie."

"Acha," Mama Eliasi akasema. Akavuta kitakia chake karibu. Sindano zilikuwa zimechomekwa zote kwa mstari, na uzi mweupe umening'inia kwenye kila moja, huu mrefu, huu mfupi, kazi ya mtu asiyeona vizuri. "Zipo tayari. Alizitia mwenyewe."

Akachomoa ya kwanza, akaanza kushona.